Tanga 1914: Mzigo Ulipohamia Mabegani

Kutoka Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, unaliona bonde ambamo reli ya Tanga hadi Moshi hupita. Mwanzoni mwa Novemba 1914, reli hiyo ndiyo iliyoamua vita vya Tanga.

Tarehe 2, meli za Waingereza zilifika zikiwa na wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walianza kwa kuutaka mji usalimu amri. Shambulio kuu likangoja hadi tarehe 4. Katika muda huo treni zilimletea Lettow-Vorbeck askari kutoka Moshi. Wakiwa takriban 1,000 tu, waliwarudisha wavamizi melini.

Je, kama wote wangetua siku ya kwanza? Huenda kikosi kile kingebaki jeshi la bahari, likilishwa kwa bandari na mabehewa. Badala yake kilipelekwa Mombasa, kikageuzwa walinzi wa nchi kavu. Uvamizi mpya wa 1916, chini ya Jan Smuts, ulipita nchi kavu hadi Wilhelmstal, Lushoto ya leo, kisha ukaendelea kusini. Kadiri jeshi lilivyoziacha bandari na reli, ndivyo lilivyotegemea mabega ya wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Jina la Kariakoo ni ukumbusho wao.

Masimulizi ya Tanga hupenda majenerali na nyuki. Sisi tunaosoma na kutekeleza sera tuulize jambo moja: mpango ukibadilishwa, mzigo wake unahamia kwa nani?