Kabla Hujasema Pampu Imekufa



Ndugu zangu, wiki hii nimeletewa swali na kijana anayeendesha ekskaveta, ule mtambo ambao wengine mnauita kijiko, upande wa Tunduru. Anasema mtambo ulipoteza nguvu akiwa kazini, fundi akaja akasema pampu ya haidroliki imekufa, na tajiri akazuia mshahara wake wa miezi miwili kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyeiua. Anauliza: je, ana haki?

Wengi mnaonifuata mnajua kwamba nje ya darasa zetu mimi ni fundi umeme wa mitambo hapa Songea. Basi swali hili limenikuta pande zote mbili. Nitaanza na mita, kisha ndiyo tuende kwenye fiqhi, kwa sababu hukumu ya pili inategemea ukweli wa kwanza.

Elewa kwanza mtambo unavyofanya kazi. Ukivuta leva, mkono wako hausukumi mafuta makubwa yanayoinua buum. Unafungua mafuta madogo ya kuamrisha, yenye presha ya kama bar 40 hivi, nayo ndiyo yanayosogeza vali kubwa. Mafuta makubwa yanafika bar 340 na zaidi. Na hayo mafuta madogo nayo yana mlinzi: soleneidi moja ya umeme wa volti 24, inayowashwa na ile leva nyekundu ya usalama kando ya kiti. Umeme usipofika sawasawa kwenye soleneidi hiyo, pampu inaweza kuwa nzima kama siku iliyotoka kiwandani na mtambo usitikisike.

Sasa fundi wa haraka akiona mtambo umelegea, anasema pampu. Kwa nini pampu? Kwa sababu ni kitu kikubwa, kina bei, na tajiri akisikia neno pampu haulizi tena. Mimi nasema swali la kwanza ni dogo: umelegea wote, au kiungo kimoja? Kama buum tu ndiyo nzito na baketi na kuzunguka viko sawa, tafuta ugonjwa kwenye buum. Kama vyote vimelegea kwa pamoja, tafuta kitu ambacho vyote vinachangia. Pampu ni kimojawapo, haiko peke yake.

Msimu mmoja wa mvua niliitwa saiti moja nje ya mji, njia ya Mbinga. Ekskaveta ikiamka asubuhi inachimba vizuri, ikifika saa nne kila kitu kinakuwa kizito, mara inakufa kabisa, mara inarudi. Pampu ilikuwa imeshahukumiwa. Tajiri alikuwa anatafuta mnunuzi wa kiwanja chake cha Ruhuwiko ili anunue nyingine, na opereta alikuwa ameambiwa akae pembeni, asiguse mtambo, na pesa yake asahau.

Nilimwomba opereta ashushe baketi chini, azime, tutoe presha. (Hili msilipuuze. Mafuta yanayovuja kwa presha kubwa hupenya ngozi, na tundu dogo kama la sindano linaweza kumpotezea mtu mkono. Usitafute uvujaji kwa kidole.) Kisha tukafunga geji kwenye mafuta madogo. Baada ya mtambo kupata joto, palipotakiwa bar 40 palisoma 20 na kidogo. Pampu kubwa ilikuwa haijaulizwa swali hata moja bado.

Nikaenda kwenye soleneidi. Nikachomoa plagi, nikaweka mita: volti 24.6. Fundi aliyekuwa pembeni akasema, "Unaona, umeme upo." Hapo ndipo wengi wanapopotea. Plagi ikichomolewa, waya hauna kazi yoyote, na waya uliooza utakuonyesha volti zote kama mzima. Rudisha plagi, washa leva, kisha pima kwa nyuma ya plagi soleneidi ikiwa inavuta. Ikasoma 14. Zaidi ya volti 10 zilikuwa zinapotelea njiani.

Koili yenyewe ilikuwa nzima, omu 24 hivi, yaani inahitaji kama ampea 1 tu. Upande wa ardhi pia tulipima, kutoka plagi hadi kwenye bodi: sawa. Ikabaki njia ya kuletea umeme. Tukafunua sakafu ya kabini, tukafuata mafungu ya nyaya, na pale yanapopita karibu na mguu wa leva, waya mmoja ulikuwa umesuguliwa hadi shaba ikatoka nje. Matope na maji ya mvua yakaigeuza kijani. Uzi mbili tatu ndizo zilizobaki zinabeba umeme. Koili ikipata moto upinzani wake unapanda, sumaku inalegea, vali inafunguka nusu, mafuta madogo yanapungua, mtambo mzima unalegea. Tulikata, tukaunga waya mpya, tukauvisha mpira. Geji ikarudi 40.

Nitaje na vipimo viwili vingine haraka. Mitambo mingi ya Komatsu ina swichi ya dharura ya pampu ndani ya kabini. Ukiigeuza na nguvu zikarudi, pampu ni nzima, tafuta kwenye umeme. Na sensa nyingi za presha hulishwa volti 5 kwa laini moja: moja ikipiga shoti, nyingine zote zinaonekana mbovu. Chomoa moja moja mpaka 5 irudi, kabla hujanunua sensa nne.

Jambo moja nalikataza kabisa: kuunganisha soleneidi ya usalama moja kwa moja ili "kazi iendelee". Leva nyekundu ipo ili mtu akipanda na koti lake likashika leva, buum isimwangukie aliye chini. Ukiiondoa umeweka roho ya mwenzako rehani.

Turudi kwa kijana wetu. Allah katika Surat al-Hujurat ametuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Na katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu huku tunafuata, kauli yenye nguvu ni kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa ni amini: mtambo uko mkononi mwake kama amana. Ukiharibika bila yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, halipi. Na anayedai kwamba alivuka ndiye mwenye kuleta ushahidi. "Fundi amesema" haujawa ushahidi. Ushahidi ni presha iliyoandikwa, na volti zilizopimwa plagi ikiwa na mzigo.

Yule wa njia ya Mbinga alilipwa Alhamisi ileile, na tajiri alimwomba radhi mbele ya vibarua. Kiwanja bado ni chake.

Wewe wa Tunduru, mwombe tajiri kwa adabu, ukiwa na mzee mmoja wa msikiti, ipimwe upya na fundi mwingine nawe ukiwepo. Lakini nakuambia na upande wa pili, nisije nikakupendelea: wakifungua pampu wakakuta kweli imeungua, na ikathibiti uliendesha ukijua mafuta yameisha na onyo linalia, hapo amana umeivunja wewe, na tajiri ana haki ya kukudai. Mshahara uliokwisha utumikia unabaki wako. Hilo ni deni jingine, na mtakaa kuhesabiana.

Wabillahi taufiq.