Forodhani ilipotufungia mlango

Mwaka 2008 mimi na mchumba wangu tulipanda boti kutoka Dar kwenda Unguja. Lengo? Kukaa Forodhani jioni, tule urojo, tumalize ugomvi wetu: yeye anataka harusi ya ukumbini, mimi ya nyumbani kwetu.

Lahaula! Bustani imefungwa kwa ukarabati. Nilinuna, jamani. Bila pa kukaa, tukazunguka vichochoro vya Mji Mkongwe. Tulipotokea Darajani tulikuwa tumeshasemeshana yote, na michango yetu tukakubaliana tuipeleke kwenye kodi ya nyumba.

Bustani ilifunguliwa tena Julai 2009, baada ya kazi iliyosimamiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan: ukuta wa bahari umeimarishwa, njia na taa mpya, uwanja wa watoto. Tulirudi tukiwa mke na mume. Moshi wa mishikaki ule ule, vijana wanajirusha baharini vile vile.

Basi wapendanao, mkikuta geti limefungwa msigeuze na hasira zenu. Tembeeni kidogo. Nasi ukarabati wetu ulianzia nje ya uzio.