Kochi la Kamba

Usikicheke kitanda cha kamba. Kina matendegu manne, mifumbati, na kamba zilizowambwa zikakaza. Msumari wa nini? Mfumbati huingia katika tundu la tendegu, basi. Mafundi wa Lamu nao waliunda kiti cha enzi kwa kamba za kuwambwa, wakakitia urembo wa mfupa au pembe ya ndovu. (Siku hizi ni mfupa tu, pembe ni kesi!)

Hapa Kulesa binamu yangu, fundi kijana, ameuchukua ufundi huo akaunda kochi la watu watatu: fupi, miguu imenyooka, bila nakshi, kamba za nailoni. Wenzake walimcheka wee! Lakini Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, kama ule wa 1997 tunaosimuliwa, makochi ya sponji yalivimba yakaoza. Lake lilifunguliwa vipande, likapakiwa mtumbwini, baadaye likaanikwa tu.

Taabu ni bei. Kuwamba kwachukua siku nne, na wateja wataka kulipa kama la sponji. Mimi kuwamba nimekwisha kujua. Likizo hii atanionyesha kutoboa tundu, na hapo ndipo penye kazi, kwani tundu likilegea kochi zima huyumba.