Meno manne ya Maalim: safari yetu kutoka Mafia hadi Upanga

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha, na akamjaalia ulimi, midomo na meno vya kutamkia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyeusisitiza mswaki kwa umma wake hata akakaribia kuuamrisha katika kila Swala.

Kijijini kwetu, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, yupo Maalim aliyewasomesha Qur'ani baba zetu, akatusomesha sisi, na leo anawasomesha watoto wetu. Kwa muda wa miaka mitatu meno yake ya mbele ya juu yalilegea na kuanguka moja baada ya jingine, hata yakaondoka yote manne. Msomaji aliyepitia tajwidi anaujua uzito wa msiba huo. Herufi tatu, yaani thaa, dhaal na dhwaa, hutoka pale ncha ya ulimi inapokutana na ncha za meno hayo. Na faa hutoka pale meno hayo hayo yanapougusa upande wa ndani wa mdomo wa chini. Meno yakikosekana, ulimi haupati pa kugota, na herufi huwa upepo mtupu.

Maalim alivumilia. Jioni moja, baada ya Swala ya Alasiri, mtoto wa miaka saba alisimama kusoma Suratul Kauthar. Alipoifikia thaa aliitoa kwa upepo ule ule wa mwalimu wake. Maalim akamrudisha. Mtoto akarudia vile vile, kwa adabu na kwa uhakika, kwa kuwa ndivyo alivyosikia. Maalim hakusema neno. Kesho yake alfajiri alitukabidhi funguo za madrasa, akasema, "Katibu, mtafuteni mwingine. Mimi sasa nafundisha makosa."

Kamati ya msikiti ilikutana usiku ule ule. Rai ya kumpeleka Maalim Dar es Salaam kwa madaktari wa meno ilipotolewa, kijana mmoja aliuliza iwapo meno ya bandia si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Maalim, aliyekuwa amealikwa, alimjibu kwa upole kwamba lililokatazwa ni kuyachonga meno mazima kwa kutafuta urembo, ama kurudisha kilichopotea kwa maradhi au ajali ni jambo jingine. Akakumbusha habari ya Sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aweke ya dhahabu. Tukamwambia, "Basi Maalim umeshajihukumia mwenyewe." Alicheka huku ameziba kinywa kwa kiganja, kama alivyozoea siku hizo, kisha akadai kwamba fedha hizo ni heri zitengeneze paa la madrasa linalovuja. Mweka hazina akamjibu kuwa paa bila mwalimu ni kivuli cha mbuzi. Ijumaa iliyofuata waumini walichanga, na asiyekuwa na fedha alileta nazi.

Tuliondoka katika Mfunguo Nane, wakati wa maleleji, bahari ikiwa shwari. Tulitoka kijijini kwa pikipiki mbili kabla ya alfajiri, tukaifuata njia ya mchanga katikati ya minazi, tukaswali Kilindoni, kisha tukapanda boti. Kisiwa kilipokuwa kikididimia nyuma yetu, Maalim alikuwa akisoma nyiradi zake kimyakimya. Baada ya saa kadhaa maji yalibadilika rangi, buluu ikawa kahawia, nasi tukaingia katika mikoko ya delta ya Rufiji. Chombo kilipita baina ya kuta mbili za miti iliyosimama kwa mizizi yake juu ya tope, ndege weupe wakiruka mbele yetu, mpaka tukafika gati la Nyamisati. Kutoka hapo tulipanda gari hadi Bungu, tukaishika Barabara ya Kilwa, tukapita Kimanzichana, Mkuranga na Vikindu, na jua lilipokuwa likizama tulikuwa katika msongamano wa Mbagala.

Tulifikia kwa ndugu yetu Kariakoo, mahali ambapo adhana ya Msikiti wa Mtoro husikika vyema. Asubuhi tulikwenda kwa miguu, tukapita Faya, tukaingia Upanga. Anayetoka Kariakoo huona ajabu ya Upanga: kelele za mikokoteni na wachuuzi hubaki nyuma, na mbele yake huwa kuna miti mikubwa yenye vivuli na nyumba za ghorofa zilizotulia. Katika moja ya mitaa hiyo ndimo ilimokuwa kliniki tuliyoelekezwa.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Maalim aliingia mlangoni kwa mguu wa kulia na kwa utulivu. Sisi katibu wake, tuliotumwa tuwe msaada, ndio tuliokuwa na viganja vya jasho. Tulipokuwa wanafunzi wa bweni tuliwahi kung'olewa jino katika zahanati moja huku watu wawili wametushika mabega, na tangu siku hiyo harufu ya dawa ya meno ya hospitali hutuondolea nguvu za magoti. Ilikuwa miaka minne sasa tunalo gego bovu la chini upande wa kushoto, ambalo lilituamsha usiku, nasi tukalinyamazisha kwa karafuu bila kumwambia mtu, hata mama watoto.

Daktari alikuwa kijana mtaratibu, mwenyeji wa Mbeya, asiye Muislamu. Aliinama akasema, "Shikamoo mzee wangu," na kabla ya kugusa chombo chochote alimuuliza Maalim anataka nini. Hakuuliza anaumwa wapi. Maalim akamjibu kuwa anataka herufi zake. Daktari aliketi, akamwomba aeleze, akasikiliza habari ya thaa na dhaal mpaka mwisho kana kwamba hapakuwa na foleni nje.

Alipima shinikizo la damu na sukari, kwa sababu, alieleza, sukari ikipanda hudhoofisha fizi, na fizi zikioza meno mazima huanguka. Alhamdulillahi vipimo vilikuwa vyema. Ugonjwa wa Maalim ulikuwa ukoga ulioganda kwa miaka mingi chini ya fizi. Aliusafisha wote, kisha akaonyesha katika picha ya eksirei kisiki cha gego la nyuma kilichobaki ndani ya taya, ambacho kilibidi kitoke. Alipaka ganzi juu ya ufizi kwanza, ndipo akachoma sindano polepole. "Mzee, utasikia nasukuma, lakini hutasikia maumivu. Ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto, nami nitaacha hapo hapo." Mkono haukuinuliwa. Kisiki kilipowekwa katika kisahani, Maalim aliuliza kazi itaanza lini.

Daktari alimpa kipande cha shashi akiume kwa nusu saa, akamkataza kusukutua kwa muda wa siku moja, ili damu iliyoganda isitoke shimoni. Baada ya hapo asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mara akasita, akatutazama, akauliza, "Na udhu wake je? Nawaona wenzangu Waislamu husukutua." Maalim, nusu ya mdomo ikiwa imekufa ganzi, alieleza kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi kusukutua ni Sunna, na mwenye udhuru akiiacha udhu wake ni sahihi. Daktari akasema jibu hilo litamfaa, kwa kuwa wako wagonjwa waliotonesha jeraha kwa kuogopa udhu kuharibika.

Kisha akatugeukia sisi. "Na wewe, ndugu katibu? Tangu umeingia unatafunia upande mmoja." Tulikuwa tumepewa peremende na mtu wa mapokezi. Hatukuwa na pa kukimbilia, na Maalim alikuwa akitutazama kwa jicho lile lile alilotutazamia tulipokuwa hatujahifadhi somo. Tukapanda kiti.

Tulidhani gego litang'olewa. Daktari alisema linaweza kuokolewa. Alitia ganzi, akafungua jino, akaitoa nyama laini iliyokufa ndani yake, akasafisha mifereji ya mizizi kwa vitupa vyembamba kama uzi, na katika ziara ya pili akaijaza kwa kitu kama mpira, kinachotokana na utomvu wa mti, kabla ya kuziba juu. Karafuu, alitueleza, si ujinga, kwani hata madaktari hutumia dawa inayotoka katika mafuta yake. Ila hutuliza tu, na jino huendelea kuoza likiwa kimya. Tulishuka tukiwa na aibu ya furaha. Hofu ya miaka kumi na tano ilimalizwa na mtu aliyekuwa akisema kila mara atakalolifanya kabla hajalifanya.

Siku ya saba ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Kipimo cha taya kilikwisha kuchukuliwa kwa unga uliokorogwa, kikamiminiwa plasta, na fundi wa meno alikuwa amepanga meno manne juu ya nta ili yajaribiwe kabla ya kutengenezwa kwa akriliki. Daktari alimwambia Maalim, "Sema thelathini." Maalim akasema. Sauti ilinasa. "Sema fedha. Sema dhahabu." Daktari alitikisa kichwa akasema, "Mimi herufi zenu sizijui, mzee. Kwa Kiswahili umeshanitosheleza. Wewe ndiye mwalimu, utaniambia."

Maalim alifumba macho, akaanza kusoma. Alisoma kidogo, akasimama. "Bado. Ulimi unafika mapema." Fundi alipasha kisu katika moto, akalainisha nta, akayasogeza meno kwa kiasi ambacho macho yetu hayakukiona. Maalim akasoma tena. Walifanya hivyo mara nne. Mara ya tano thaa ilitoka, laini na kamili, ulimi ukichungulia kidogo baina ya meno kama alivyotufundisha sisi tulipokuwa na umri wa miaka saba. Akairudia. Akaenda kwenye dhaal, akaenda kwenye dhwaa, akaenda kwenye faa. Kisha akanyamaza, na machozi yakamtiririka ndevuni. Fundi aliweka kisu chini. Daktari alisema tu, "Hapo hapo, mtu asiguse tena."

Tulikaa Dar es Salaam siku kumi na moja. Wakati wa kuagana daktari aliusia kwamba meno yale yatolewe usiku, yalazwe katika maji safi, na yasuguliwe kila siku. Na kwa kuwa mwanzoni mate huwa mengi na maneno huwa mazito, dawa yake ni kusoma kwa sauti. Usia huo ulitekelezwa kuanzia Nyamisati. Boti ilipotoka katika mikoko na kuikabili bahari kuu, Maalim alikuwa akisoma kwa sauti, na abiria waliokuwa wakizungumza walinyamaza mmoja baada ya mwingine.

Jioni ya pili baada ya kufika tulimrudishia funguo. Mtoto yule aliitwa, akasimama, akasoma kama alivyozoea. Maalim alimwita karibu, akaelekeza kidole kinywani mwake, akasema, "Tazama ulimi wangu." Mtoto alitazama kwa muda mrefu, kisha akasoma, na mara hii Al-Kauthar ilikuwa Al-Kauthar. Paa bado linavuja. Mchango wake utatangazwa Ijumaa ijayo, inshaallah.

Ndugu wasomaji, na hasa wazazi, hatukuiandika safari hii ili kusifu mji. Tumekuja na ujumbe wa daktari tuliouahidi kuufikisha. Mtoto akifikia kama miaka sita, humwota gego nyuma ya meno yake ya utotoni pasipo jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhani ni la utotoni, wakaliacha lioze. Hilo ni jino la maisha. Likienda, halina mbadala wa kuota. Tuwatazame watoto vinywani usiku baada ya mswaki, tuwapunguzie peremende na chai ya sukari nyingi, wala tusiwatishe kwa kusema daktari wa meno atawachoma sindano. Na mtu mzima anayelificha jino lake kama tulivyolificha letu, na aende sasa.

Mwenyezi Mungu (s.w.) awalipe kheri waliochanga, hata kwa nazi moja, na awaongoze katika kila la kheri wale waliotutibu. Wabillahi tawfiq.