Fidla ya Pili

Waingereza wana usemi kwamba mtu fulani "anapiga fidla ya pili". Maana yake ni kwamba yuko chini ya mwenzake, naye hufanya kazi huku sifa zikienda kwa mwingine. Aghalabu usemi huu hutamkwa kwa kinyongo: "Mimi sikubali kupiga fidla ya pili!"

Msomaji aliyezoea taarabu ya Unguja huenda akashangaa, kwani huko fidla zote kwa kawaida hufuata wimbo ule ule. Ulaya kuna kikundi cha ala nne: fidla mbili, viola na chelo. Fidla ya kwanza mara nyingi hubeba wimbo wenyewe, ule ambao msikilizaji huondoka akiuvumisha. Ya pili ina sauti yake, aghalabu ya chini kidogo. Huujaza wimbo, hushika mapigo, na pengine huijibu ya kwanza. Ukiiondoa, wimbo utabaki, lakini mkavu kama wali usio na mchuzi.

Wala si kazi ya wasiojiweza. Huko Vienna, katika miaka ya 1780, watunzi wanne walikutana wakapiga pamoja. Haydn alishika fidla ya kwanza, Dittersdorf ya pili, Vanhal chelo, na Mozart mwenyewe akatosheka na viola.

Mwaka 1884, mwaka mmoja baada ya kifo cha Karl Marx, rafiki yake Friedrich Engels aliandika katika barua kwamba maisha yake yote alipiga fidla ya pili, na alifurahi kuwa na fidla ya kwanza bora kama Marx. Hakuwa akijidharau. Juzuu ya pili na ya tatu za *Das Kapital* zilitoka mwaka 1885 na 1894 kwa sababu yeye aliketi akaihariri miswada ya marehemu.

Nami nimeongoza shule, najua. Siku ya mahafali mkuu hupigiwa makofi. Makamu wake ndiye aliyepanga ratiba, akasuluhisha walimu na kuhakikisha wanafunzi wamekula. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi ukiambiwa unapiga fidla ya pili, usikimbilie kukasirika. Jiulize kama wimbo wenyewe unafaa, na kama sauti yako imo ndani yake. Ikiwa umenyamazishwa kabisa, lalamika, maana hapo hukupewa fidla ya pili, umenyang'anywa fidla.