Geti Nililolifunga Sikukuu

Krismasi ya 2022 niliwafungia watoto geti. Nilikosea. Nawaeleza wenzangu wenye watoto wadogo kwa sababu nilifika huko hatua kwa hatua, na kila hatua niliiona ya busara.

Sisi ni watu wa Moshi, na Mchagga ikifika Desemba moyo wake uko kihambani. Lakini kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na wiki ile ya sikukuu barabara ya Chalinze hadi Segera hujaa mabasi na magari madogo yanayokimbizana. Safari ya mwaka uliotangulia ilitutesa: nauli zimepanda, mtoto wetu mkubwa anatapika njia nzima, kisha baridi ya mlimani ikampa mafua mazito. Mwaka huo wa 2022 tulikuwa na mtoto mchanga pia. Tukawapigia babu na bibi, wakatuelewa, tukabaki Tabata. Hilo silijutii. Kosa langu ni kudhani kwamba kubaki nyumbani maana yake ni kubaki peke yetu.

Krismasi iliangukia Jumapili. Tulikwenda ibada ya kwanza, tukarudi jua halijawa kali. Dada wa kazi alikuwa ameshakwenda kwao Singida, nami nilikuwa nimechoka kweli, kwa hiyo nikapika wali wa nazi na kuku wa kututosha sisi tu, nikashusha komeo la geti.

Mchana watoto wa mtaani wakaja kubisha. Mtoto wa Dar hakai ndani sikukuu. Huvalishwa nguo mpya akapita nyumba kwa nyumba, leo kwa Wakristo, siku ya Idi kwa Waislamu, akapewa soda au shilingi 200 au sahani ya pilau. Walimwita mwanangu kwa jina. Alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vipya. Nikamwambia, "Nyamaza, wataondoka." Wakaondoka.

Jioni nikawa natafuta chombo cha kuwekea wali uliobaki. Nyuma kabisa ya kabati nikakuta hotipoti. Nikaigeuza: kwenye kitako kulikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha, alama wanayoweka wanawake ili vyombo vyao visipotelee shughulini. Ilikuwa ya jirani yangu wa ukuta mmoja. Idi ya kuchinja, Julai, aliniletea humo pilau la nyama. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mimi mwenyewe nilikiweka pale nikisema Krismasi nitakirudisha na pilau langu. Nikakaa chini pale pale jikoni. Sauti iliyoita getini mchana ilikuwa ya binti yake, na nilikuwa nimeitambua tangu wakati ule.

Wali uliobaki haukujaza hata sahani moja. Kesho yake nikapika pilau, nikaenda kwake.

"Jirani, naomba unisamehe. Jana nilijifungia."

Akaipokea hotipoti kwa mikono miwili. "Asante, jirani. Mimi niliwaambia watoto mmesafiri, ila wao wakasema wanawasikia ndani."

Hakuongeza neno. Idi ya Aprili 2023 alituma sahani kama kawaida yake, lakini binti yake aliikabidhi getini akarudi. Ilichukua muda mrefu kabla hajaingia tena kwetu kucheza. Na mwanangu, mtu akibisha, bado huniuliza kwanza kama tunafungua.

Krismasi tunabaki Tabata hadi sasa. Utulivu tunao asubuhi, baada ya ibada, watoto wakiwa na baba yao sebuleni nami nikimenya vitunguu swaumu. Saa nane geti liko wazi. Napika pilau kwenye sufuria kubwa ninayoazima kwa jirani yule yule, na vyombo vya watu naanza kuvitafuta kabatini tangu tarehe 20.