Chakula cha Mchana na Ufunguo wa Ghala

Mimi ni mkulima wa viazi hapa Limuru, na tena ni mweka hazina wa chama chetu kidogo cha ushirika. Sikuzoea kula hotelini saa saba mchana. Mtu wa shamba hula kwake, akiisha kunawa udongo. Lakini Jumamosi moja nalialikwa chakula na bibi mmoja aliye mkuu wa kikundi cha sanaa cha vijana wa mtaani kwetu. Nikakubali, kwa sababu nalikuwa na neno la kumwambia, na neno lenyewe lilikuwa "hapana".

Jambo lilikuwa hili. Chama chetu kina ghala la mabati lililokaa bure. Zamani tulilijaza viazi tukingojea bei ipande. Siku hizi wengi wetu twapanda Shangi, nayo, kama ajuavyo kila mkulima, haikubali kukaa: majuma machache tu, imekwisha kuchipua. Basi huuzwa pale pale shambani kwa wenye malori, na ghala limeachiwa panya. Bibi huyu alituandikia barua ya adabu, akiomba vijana wake wapewe ghala hilo wafanyie mazoezi ya ngoma na michezo ya kuigiza. Wenzangu wa kamati hawakutaka, wakanituma mimi nikamjibu.

Mkahawa ule ni mdogo, una meza sita, na kuta zake zimetundikwa picha zilizochorwa na vijana wa kikundi. Akaagiza baga mbili na chipsi. Sisi tuliokua karibu na kile kiwanda cha nguruwe cha Uplands, kilichokwisha fungwa zamani, tulisikia neno "hamburger" tukadhani ni nyama ya nguruwe tu. Sivyo. Jina latokana na mji wa Hamburg katika Ujerumani, na nyama yenyewe ni ya ng'ombe, iliyosagwa na kukaangwa, kisha ikafungwa ndani ya mkate wa mviringo pamoja na kitunguu na nyanya.

Nikatafuta kisu na uma, havikuwapo. Nikamtazama mwenyeji wangu, naye alikwisha kuishika yake kwa mikono miwili kama mtu ashikaye kitabu. Nikafanya vivyo hivyo. Nilipouma upande huu, nyama ikatoka upande wa pili, na sosi ikaniingia mkononi mwa koti. Koti ambalo nalilivaa makusudi ili nionekane mweka hazina. Ni vigumu sana mtu kukataa ombi la mwenziwe hali sosi inamtiririkia kwenye kiwiko.

"Pole, Mzee," akasema, akinipa karatasi ya kujifutia. "Onja chipsi hizo. Ni Shangi."

Nikaona ni heri nianze. Nikamweleza habari za umeme na malipo yake, habari za kufuli, habari za kelele usiku, na moto ukizuka itakuwaje. Alinisikiliza mpaka mwisho. Umeme watalipa wenyewe. Saa mbili usiku watakuwa wamekwenda zao. Akanieleza kwamba sasa wafanya mazoezi uani nyuma ya duka moja, na nyote mnaijua mvua ya Limuru na baridi ya mwezi wa Julai. Wasichana wawili wamekwisha kuacha kwa kuugua kifua. Mchezo walio nao ni wa ndugu wawili wanaogombania robo ekari lilipo kaburi la mama yao. Kisha akasema kwa upole, "Hayo yote, Mzee wangu, ni ya kamati. Wewe mwenyewe waogopa nini?"

Sikutazamia swali hilo. Nikatafuna kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika.

Kijiji cha Kamirithu si mbali na meza ile. Mwaka 1977 watu wake walijijengea kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wenye nafasi ya watu 2,000 na zaidi, wakaigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii kwa lugha ya Kikuyu. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanya kazi, na mazoezi yalifanywa mbele ya macho ya kijiji kizima, hata wazee wakawa wakiwasahihisha maneno. Mchezo ulianza mwezi wa Oktoba. Katikati ya Novemba kibali kikafutwa. Na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwezi wa Machi 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Mimi nalikuwa na umri wa miaka kumi. Baba yangu alikuwa amewaazima ngoma yake. Usiku mmoja akarudi nayo, akaipandisha juu darini, akaifunika kwa magunia. Nilipouliza kwa nini, nikapigwa kofi, mimi niliyekuwa sipigwi. Tangu hapo nyumbani kwetu haikupata kutajwa ngoma wala mchezo. Nikakua nikidhani kwamba mtu mwenye busara hakai karibu na watu waigizao.

Haya nikamweleza, na chakula chetu kikapoa. Yeye hajafika miaka arobaini. Habari za Kamirithu alizipata vitabuni. Nalidhani atanihutubia, lakini hakufanya hivyo.

"Ngoma hiyo iko wapi sasa?" akauliza.

"Ililiwa na mchwa."

Akatikisa kichwa, akaita hesabu. Nikataka kulipa, akakataa, akasema mimi ni mgeni wake, na jibu niwaletee wakati wowote, hata likiwa baya.

Jumanne kamati ikakutana, nasi tu watu saba. Nilipowaambia kwamba sikumjibu, na kwamba mimi naunga mkono ombi lake, mwenyekiti akauliza kama nimehongwa. Nikasema ndiyo, kwa baga moja. Wakacheka, lakini si wote. Kura zikawa nne kwa tatu: wapewe ghala hata mwisho wa Desemba, walipe umeme, wazibe matundu ya panya. Ufunguo mmoja apewe yeye, wa pili nikae nao mimi.

Jumamosi iliyopita, magharibi, nalipita njia hiyo nikitoka shambani. Ngoma ilikuwa ikipigwa ndani, kisha ikanyamaza, na sauti ya msichana ikasema maneno fulani juu ya mama na mpaka, ikakosea, ikaanza upya. Mvua ikaanza kunyesha. Nikajibanza penye ukuta wa mabati nikasikiliza, nikalowa mabega yote mawili, kabla sijakumbuka kwamba ufunguo ninao mfukoni.